Bilula Inayokula Tangi

Hapa Isiolo maji ya mvua ni mali. Mwenye nyumba ya bati huyakinga paani, akayaweka tangini yamfae wakati wa kiangazi. Basi tangi likitoboka, hasara si ya bati tu, bali ni ya maji ya jamaa nzima. Na pengine tangi hilo halikuzeeka. Limeharibiwa na bilula yake.

Msomaji atauliza, bilula yawezaje kula tangi? Jawabu ni hili. Madini mawili ya namna mbalimbali yakigusana penye maji, nguvu ndogo ya umeme hupita kati yao, kama ndani ya betri. Lililo dhaifu huliwa, na lenzake husalimika. Zinki ni dhaifu kuliko chuma, na chuma ni dhaifu kuliko shaba. Ndiyo sababu mabati hupakwa zinki, ili zinki iliwe na chuma kipone. Lakini ukifunga bilula ya shaba katika tangi la bati, zinki iliyo karibu nayo huisha upesi, kisha kutu hulizunguka tundu. Maji ya chumvi huzidisha uharibifu huo.

Mwaka 1761 manowari ya Uingereza iitwayo Alarm ilivikwa mabamba ya shaba, mbao zake zisiliwe na wadudu wa baharini. Baada ya miaka kama miwili ilionekana kwamba misumari mingi ya chuma iliyogusana na shaba imelika. Lakini mahali palipobaki karatasi kati ya shaba na chuma, chuma kilikuwa kizima.

Hapo tunapata mafunzo matatu. Kwanza, bati la zinki lipigiliwe misumari iliyopakwa zinki vilevile, pamoja na washa za mpira. Pili, ikiwa huna budi kuunganisha shaba na bati, tia kipande cha bomba la plastiki katikati visigusane. Tatu, msumari au skrubu isiwe ya madini dhaifu kuliko kile inachokifunga, kwa kuwa kitu kidogo kikigusana na shaba pana huliwa mbio sana. Tena ukipaka rangi, ipake shaba pia. Ukipaka chuma peke yake, kutu itakusanyika penye mkwaruzo na kutoboa.

Kabla ya kununua, mwulize mwenye duka msumari huo ni wa madini gani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.