Chanda Chema Huvikwa Pete: Msafiri, Mhunzi na Lugha ya Mapambo Machakos

Utangulizi

Waswahili husema kwamba chanda chema huvikwa pete. Methali hii imezoeleka kufafanuliwa kwa kukitazama chanda: mtu mwema hutunukiwa, na atendaye jema hulipwa jema. Ni nadra kuulizwa pete yenyewe ilifuliwa na nani, kwa zana zipi, na fundi wake alitumia maneno gani alipokuwa akimfundisha mwanagenzi wake. Makala haya yanalielekea swali hilo lililoachwa kando. Yanafanya hivyo kwa kuieleza shughuli inayowavutia wasafiri wengi: badala ya kununua pambo lililokwisha kutengenezwa, mgeni huketi na fundi kwa saa kadhaa akalitengeneza lake kwa mikono yake mwenyewe.

Mahali panapochukuliwa kuwa kielelezo ni Machakos, yapata kilomita 60 kusini mashariki mwa Nairobi. Hoja inayotetewa ni kwamba somo la namna hii humpa mgeni vitu viwili, yaani pambo na maneno ya kulitengenezea. Pambo huweza kupotea au kuvunjika. Maneno, yakifundishwa pamoja na kazi, hudumu. Kwa hiyo, somo linalotoa pambo bila maneno ni somo nusu, na mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu katika kulikamilisha.

Machakos na njia ya shaba

Mji wa Machakos ulipata jina lake kutokana na Masaku, kiongozi wa Wakamba wa karne ya 19. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga kituo chake hapo mwaka 1889, na kwa muda wa miaka kadhaa mji huo ulikuwa makao muhimu ya utawala katika bara ya Kenya. Reli ya kutoka Mombasa iliupita kando, ikafika Nairobi mwaka 1899, na makao hayo yakahamishiwa huko.

Hata hivyo, kabla ya kituo na kabla ya reli, nchi ya Wakamba ilikwisha kuunganishwa na pwani kwa misafara. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Kikamba walipeleka pembe za ndovu hadi Mombasa, nao wakarudi na nguo, ushanga na waya wa shaba. Ni muhimu kukumbuka kwamba waya huo haukuwa pambo ulipowasili. Ulikuwa malighafi. Mikono ya mafundi wa bara ndiyo iliyougeuza kuwa bangili na mikufu.

Mtafiti wa Kiswidi, Gerhard Lindblom, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakamba mwanzoni mwa miaka ya 1910, aliandika kwa urefu kuhusu kazi zao za mikono, pamoja na uhunzi na ufumaji wa mikufu ya waya. Hali kadhalika, viti vya wazee vya miguu mitatu vilivyohifadhiwa hadi leo vinaonyesha waya mwembamba wa shaba uliochomekwa katika mti kwa ustadi mkubwa. Fundi wa Kikamba, basi, aliufahamu waya vyema: aliuvuta, akaukata, akausuka, akaupachika. Mgeni anayejifunza kutengeneza mkufu Machakos hatendi jambo geni katika nchi hiyo. Anaingia katika mazungumzo yaliyoanza zamani.

Somo la mkufu wa shaba

Miongoni mwa mapambo yote, mkufu mfupi wa kifundo cha mkono ndio unaomfaa zaidi mgeni mwenye siku moja tu. Hauhitaji mawe ya thamani wala mtambo wa umeme. Unahitaji waya wa shaba, fimbo nyembamba ya chuma, koleo mbili, msumeno mdogo au mkasi wa bati, tupa, msasa na moto.

Hatua ya kwanza ni kuulainisha waya. Shaba ikipigwa au ikikunjwa mara nyingi huwa ngumu, na hatimaye huvunjika. Fundi huitia motoni hadi iwe na wekundu hafifu, kisha huiacha ipoe au huizamisha majini. Hapa mgeni hukutana na jambo linalostaajabisha. Methali yasema, samaki mkunje angali mbichi; akishakauka, hakunjiki tena. Shaba si samaki. Iliyokwisha kukauka hurudishiwa ubichi wake kwa moto, na fundi anaweza kurudia tendo hilo mara nyingi kadiri kazi inavyodai.

Moto huiachia shaba utando mweusi. Karakana nyingine huuondoa kwa tindikali hafifu. Nyumbani, watu wamekuwa wakitumia ukwaju au ndimu, ambazo uchachu wake hufanya kazi hiyo hiyo. Ikumbukwe pia kwamba shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na kwamba moto ukizidi, zinki hutoa moshi unaodhuru. Kwa sababu hiyo kazi hii hufanywa mahali penye hewa ya kutosha, na waya wa mabati haupaswi kutiwa motoni kabisa.

Hatua ya pili ni kuuviringa waya kwenye fimbo, mzunguko mmoja ukiugusa mwingine bila kuacha nafasi. Hatua ya tatu ni kuukata msokoto huo kwa urefu wake, na kila mzunguko ukawa pete moja ndogo iliyo wazi upande mmoja. Hesabu yake ni rahisi. Waya wenye unene wa milimita 1.2, ukiviringwa kwenye fimbo yenye kipenyo cha milimita 5, hutumia takriban milimita 19.5 kwa kila pete. Pete zikishaunganishwa, kila moja huongeza milimita 5 katika urefu wa mkufu. Kwa hiyo mkufu wa sentimita 18 huhitaji pete 36, na pete 36 huhitaji waya wa sentimita 70 hivi. Aliyedhani kwamba sentimita 20 za waya zingemtosha hujifunza hapo kwa nini fundi hupima kabla ya kukata.

Hatua ya nne ndiyo inayomtofautisha mwanagenzi na fundi. Pete hufunguliwa, hupitishwa katika pete iliyotangulia, kisha hufungwa. Mgeni anapoambiwa "fungua", huzivuta ncha mbili mbali kulia na kushoto, na mviringo ukaharibika usirudi tena. Fundi hushika kila ncha kwa koleo yake, akaisukuma moja mbele na kuivuta nyingine nyuma, pete ikafunguka kama mlango. Wakati wa kuifunga, huzirudisha ncha kwa njia ile ile hadi zikutane. Neno ni moja, lakini maana yake kamili imo mkononi.

Mwisho, mkufu husuguliwa kwa msasa na kung'arishwa kwa kitambaa. Pale inapohitajika nguvu zaidi, kiungo cha kila pete hulehemiwa. Kazi hiyo huhitaji mazoezi ya muda mrefu, na kwa kawaida haimalizwi na mgeni wa siku moja.

Vitenzi vinavyofunzwa na mkono

Mfano wa "fungua" unaleta suala la lugha. Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa majina ya mapambo: kidani, mkufu, kikuku, bangili, furungu, kipini, kipuli, pete. Kina pia majina ya watenda kazi, yaani mhunzi, mfua dhahabu, mfua fedha na sonara, neno lililotujia kutoka lugha za Bara Hindi. Lakini utajiri wake mkubwa zaidi umo katika vitenzi.

Kitenzi "fua" ni mfano mwafaka. Mwanafunzi wa mjini hukifahamu kwanza katika kufua nguo. Akiwa pwani, atasikia kufua nazi, na msemo wa "hafui dafu". Katika karakana ya mhunzi atasikia kufua chuma, na ataoneshwa fuawe, yaani kile ambacho vitu hufuliwa juu yake. Aliyepata kushika nyundo hahitaji kuelezwa kwa kirefu kwamba maana hizi zina mnasaba. Nguo zilifuliwa kwa kupigwa juu ya jiwe, kama chuma kinavyopigwa juu ya fuawe.

Kitenzi "tunga" kina hadithi inayofanana na hiyo. Ushanga hutungwa katika uzi, samaki hutungwa katika ukambaa, na shairi hutungwa na mshairi. Anayetunga ushanga huchagua, hupanga na huhesabu. Akikosea punje moja, ruwaza nzima hupotoka, naye hana budi kuirudia. Mshairi anayehesabu mizani ya mshororo hutenda jambo lilo hilo kwa silabi. Utungo na mtungo ni ndugu, na undugu wao hubainika zaidi mezani pa ushanga kuliko katika kurasa za kamusi.

Aidha, karakana hufichua mahali ambapo istilahi zinahitaji kusawazishwa. Neno "shaba" hutumiwa kwa metali nyekundu isiyochanganywa na vilevile kwa mchanganyiko wake wa manjano, ilhali tabia zake motoni si moja. "Kulehemu" hutumiwa kwa kuunga pete ndogo na pia kwa kuunga lango la chuma. "Kuchoma" waya kwaweza kueleweka kuwa ni kuuharibu, wakati lengo ni kuulainisha. Mafundi wenyewe hawatatiziki, kwa kuwa kitu kinachozungumziwa kiko mbele yao. Anayeandika kitabu cha mafunzo ndiye anayetatizika, na suluhisho linalofaa ni kuwasikiliza mafundi kabla ya kubuni istilahi mpya ofisini.

Msafiri aliyerudi na ujuzi

Yaweza kuulizwa iwapo masomo ya safarini yana uzito wowote, au ni burudani tu ya wenye fedha. Historia ya Machakos yenyewe ina jibu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vya mwaka 1914 hadi 1918, Mutisya Munge wa Wamunyu alifika katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Huko alikutana na wachongaji wa Kizaramo, akajifunza namna yao ya kuchonga, na vita vilipokwisha alirudi kwao na ujuzi huo. Ujuzi haukubaki mikononi mwake pekee. Wamunyu, iliyo kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, ikawa kitovu cha uchongaji wa Wakamba, na vinyago vyao vikauzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo.

Munge hakwenda kutalii, na alichojifunza kilikuwa kuchonga mti, si kufua shaba. Hata hivyo, kisa chake kinaonyesha kwa uwazi tofauti kati ya aina mbili za wasafiri. Mmoja hurudi na kitu. Mwingine hurudi na namna ya kukitenda. Wa kwanza ana ukumbusho kabatini. Wa pili anaweza kuwa mwalimu.

Haki ya fundi

Hapa pana jambo la kutahadharia. Ujuzi unaoweza kubebwa huweza pia kuchukuliwa bila shukrani. Fundi anayeuza mkufu hulipwa mara moja kwa mkufu. Anayefundisha ameuza kile kinachozalisha mikufu mingine. Ni haki, basi, ada ya somo isikadiriwe kwa bei ya waya uliotumika, bali kwa miaka ambayo mkono wa fundi ulichukua kuufahamu. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na matokeo ya kitamaduni, jambo linalodhihirisha kwamba dola lenyewe limetambua kuwa maarifa hayo yana wenyewe.

Lugha nayo ni sehemu ya haki hiyo. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, fundi wa jua kali asiyekimudu Kiingereza huweza kujikuta akigeuzwa bubu katika karakana yake mwenyewe: mkalimani huzungumza, mgeni hutikisa kichwa, na fundi huonyesha kwa vidole tu. Somo hilo hutoa mkufu mzuri, lakini humfanya mwenye ujuzi aonekane kama chombo kimojawapo mezani. Kumfundisha mgeni maneno kumi tu, kama vile waya, pete, koleo, viringa, kata, fungua, funga, unga, sugua na ng'arisha, humrudishia fundi nafasi yake ya ualimu.

Hitimisho

Makala haya yameeleza jinsi mkufu mdogo wa shaba unavyotengenezwa, na jinsi kila hatua yake inavyobeba neno. Imebainika kwamba Machakos ina historia ndefu ya kupokea malighafi na ujuzi kutoka mbali na kuvifanya vyake. Imebainika pia kwamba msamiati wa kazi hii haujapungukiwa na maneno bali na waandishi wa kuyakusanya.

Jukumu la wanafunzi wa Kiswahili, kwa hiyo, liko wazi. Ni vyema mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti aende karakanani na daftari, na kabla ya kulifungua, aombe koleo. Akishaharibu pete mbili tatu, atakuwa amestahili kuuliza zinaitwaje. Chanda chema huvikwa pete, na chanda kilichojifunza kuifunga pete hiyo kwa ustadi kimeongeza wema juu ya wema.