Kilicho Chini ya Mkeka



Binti yangu ameolewa Kericho, mji wa majani chai ulioko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwaka uliopita alinipigia simu baada ya alfajiri, akilia. Mama mkwe wake alikuwa akitoka kutawadha, kidole cha mguu kikanasa kwenye mpasuko wa mkeka wa plastiki, akaanguka na kuteguka kifundo cha mkono.

"Baba, mkeka wenyewe hata mwaka haujatimia!"

Nyumba yao ni ya mbao, na sakafu yake ni mbao kuukuu zilizoinuliwa juu ya ardhi. Sisi wa pwani tuliozoea chokaa na saruji hatuijui tabia ya sakafu hiyo. Huko mvua hunyesha karibu kila mwezi. Mbao hunywa unyevu zikavimba, kukikauka zikasinyaa, kila ubao kwa kadiri yake. Mkeka ulikuwa umetandazwa juu yake vivi hivi. Kila ukingo ukachomoza, nyayo zikausaga hapo mpaka ukachanika.

Nilikuwa tayari kumlaumu fundi. Mkwe wangu akainamisha kichwa: "Baba, alituambia tutangulize plaiwudi. Tukamdhania anatafuta kula pesa." Nikanyamaza. Dhana mbaya tunaikemea mimbarini kila mara, lakini fundi ni nadra kumkumbuka.

Aliitwa yule yule. Kwanza aliingia chini ya nyumba kutafuta maji na uozo, kwani plaiwudi haiponyi uozo, huuficha tu. Mbao mbili zikabadilishwa, zilizolegea zikakazwa kwa skrubu. Plaiwudi ya milimita 9, yenye gundi inayostahimili maji, ikawekwa chumbani siku tatu izoee hewa ya humo. Binti yangu aliuona huo ni uvivu. Kisha akazipanga karatasi mfano wa matofali ukutani, viungo visikutane msalaba, uso laini ukiwa juu. Akaacha upenyo mwembamba kati yake na kiasi cha milimita 8 kandokando ya kuta, zipate pa kutanukia. Skrubu zikapigwa kila sentimita 10 pembeni na kila 15 katikati, vichwa vikazamishwa, viungo vikajazwa puti na kupigwa msasa. Akapapasa kwa kiganja, akakuta kipele kimoja, akarudia.

Mlango ukakataa kufunguka, maana sakafu imepanda. Hilo hakuna aliyelikumbuka. Ukapigwa randa chini.

Mwenye sakafu ya saruji inayotoa unyevu, kama nyumba nyingi za kwetu, asiyaige haya. Plaiwudi itavimba na kuoza. Autibu unyevu kwanza.

Gharama ya plaiwudi ilikaribia ya mkeka mpya. Mkono wa mama mkwe umepona, alhamdulillahi, ila mpaka leo akifika pale huinua mguu.