Taa za upasuaji: weupe wa mwanga si kipimo cha ubora

Wafanyabiashara wanaovusha vifaa vya umeme Busia na Malaba wana soko wasilopaswa kulichukulia kama duka la rejareja: vyumba vya upasuaji. Mzigo wa Busia hufika Jinja kupitia Iganga. Wa Malaba hupanda Mbale kupitia Tororo. Miji yote miwili ina hospitali ya rufaa ya mkoa, na Mbale ina pia hospitali ya CURE, inayopasua watoto wenye vichwa vikubwa.

Taa za LED zinapendwa kwa sababu hazichomi kama za halojeni na hazili umeme mwingi. Lakini LED nyeupe nyingi huanza na chembe ya mwanga wa buluu. Poda ya njano iliyo juu yake ndiyo hufanya jicho lione weupe. Poda ikigeuza buluu kidogo tu, mwanga huwa wa baridi. Buluu ya nanomita 435 hadi 440 ndiyo inayoweza kudhuru retina kwa urahisi zaidi.

Mwanga unaorudi kutoka kwenye kidonda si tishio kubwa. Hatari ni kuitazama taa yenyewe, hasa ile iliyofungwa kichwani mwa daktari wa upande wa pili wa meza. Kwa anayepasua usiku, buluu pia huchelewesha usingizi.

Miwani ya njano si jibu rahisi. Inabadilisha rangi, na daktari hutegemea rangi kutofautisha damu, nyongo na nyama iliyokosa hewa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023 yalionyesha kuwa miwani ya kuzuia buluu huenda haipunguzi uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta. Kinga ianzie kwenye taa.

Kabla ya kulipia mzigo, soma karatasi ya kiwandani:

• Joto la rangi: kiwango cha IEC 60601-2-41 kinaruhusu kelvini 3,000 hadi 6,700. Kwa kawaida, taa ya 4,000 ina buluu pungufu kuliko ya 6,500.

• Uhalisia wa rangi, yaani Ra: usipungue 85.

• Kundi la hatari chini ya IEC 62471: 0 halina hatari, 3 ni kali.

• Kitufe cha kupunguza mwanga.

Taa isiyo na karatasi hiyo inaweza kuwa rahisi kwa bei, lakini hospitali ikiikataa, hasara na nauli ya kuirudisha ni vya mwenye mzigo.