Ufunguo Mmoja, Makufuli Matatu

Kando ya barabara ya Naivasha inayopita Kawangware, na vivyo hivyo Makina na Olympic kule Kibera, fundi wa funguo hahitaji duka. Meza ndogo, mashine ya kuchongea na ubao uliojaa funguo ambazo hazijachongwa vinamtosha. Mteja huja na ufunguo wa nyumba, wa kibanda au wa pikipiki ya Boxer, na baada ya dakika chache huondoka na nakala. Akija dereva wa teksi na ufunguo wenye kichwa kinene cheusi cha plastiki, mambo hubadilika. Nakala inachongwa, inaingia, inazunguka, stata inalia, lakini injini inakataa. Dereva hudhani amechongewa vibaya. Mara nyingi amechongewa sawasawa.

Ufunguo wa gari la leo hufungua makufuli matatu, na mashine ile ya mezani inalijua moja tu.

Kufuli la kwanza ni la chuma. Ndani ya tundu la kuwashia mna vibati vyembamba vinavyosukumwa na springi. Meno ya ufunguo huvipanga usawa mmoja, ndipo silinda izunguke. Vibati na meno hulika kwa miaka. Ndiyo maana pikipiki iliyochoka huweza kuwashwa hata kwa ufunguo wa pikipiki nyingine, na ndiyo maana kunakili ufunguo uliolika ni kunakili ubovu wake. Nakala bora huchongwa kwa kufuata namba ya msimbo ya kufuli lenyewe. Funguo za magari mengine hazina meno pembeni bali mtaro uliopinda kwenye bapa la ufunguo, na huo hudai mashine nyingine kabisa. Toyota Probox nyingi za zamani, zile za kubebea mizigo, ziliishia hapo: chuma ndicho chote.

Kufuli la pili halionekani. Wizi wa magari ulipozidi Ulaya, Ujerumani ilidai magari mapya yawe na kizuizi cha injini, yaani imobilaiza, na Uingereza ikafuata Oktoba 1998. Ndani ya kichwa cha plastiki hukaa chipu yenye urefu wa takriban sentimita moja. Haina betri. Kuzunguka tundu la kuwashia kuna koili ya waya, na ikipitishiwa umeme hutoa uga wa sumaku unaogeuka kama mara 125,000 kwa sekunde. Uga huo huzalisha umeme ndani ya koili ya chipu, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Umeme huo mdogo unatosha kuiamsha chipu ijitambulishe.

Chipu za awali zilitaja namba yao tu. Za baadaye hupewa na gari namba ya kubahatisha, nazo hurudisha jibu lililokokotolewa kwa siri inayojulikana na pande mbili pekee, kwa hiyo anayesikiliza leo hapati cha kurudia kesho. Nguvu ya kinga hiyo hutegemea urefu wa siri. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na RSA Laboratories, Marekani, walivunja chipu ya Texas Instruments iliyotumia siri ya biti 40. Kwa mwenye gari, dalili ya kukumbuka ni nyepesi zaidi: taa yenye picha ya ufunguo ikiendelea kumetameta kwenye dashibodi huku stata ikizunguka, chuma kimekubaliwa ila chipu imekataliwa. Usimrudishie fundi wa meza lawama. Mtafute mwenye kompyuta ya kuisajili chipu.

Kufuli la tatu ni la mawimbi ya redio, na hapa ndipo pesa za wengi hupotea. Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo magari yetu ya mitumba hutoka hasa Japani, na mengine Uingereza. Rimoti za magari ya Japani huongea kwenye masafa yaliyo karibu na megahezi 315. Za Ulaya huongea kwenye megahezi 433.92. Rimoti mbili zinaweza kufanana vitufe, nembo na betri, na bado moja isisikike kamwe na gari lako. Ukinunua rimoti, uliza masafa kabla ya kuuliza bei.

Kila unapobonyeza, rimoti hutuma msimbo mpya. Ni kama watu wawili wenye daftari moja la maneno ya siri, kila neno likitumika linafutwa pande zote mbili. Mojawapo ya mifumo iliyoenea zaidi duniani kwa kazi hii, KeeLoq, ilizaliwa Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1980, kwenye kampuni ya Nanoteq, kwa hesabu za Gideon Kuhn. Mwaka 1995 kampuni ya Marekani ya Microchip iliinunua teknolojia hiyo kwa dola milioni 10. Sayansi hii ina mizizi barani kwetu, na vijana wetu wa jua kali wanastahili kufundishwa hivyo.

Magari ya kubonyeza kitufe hayataki hata utoe ufunguo mfukoni: gari huita kwa mawimbi ya masafa ya chini, ufunguo huitika kwa redio. Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zurich walijaribu aina 10 za magari ya watengenezaji 8, wakayafungua yote kwa kurefusha mwito huo kwa vifaa viwili, ufunguo ukiwa mbali. Usiku, kuuweka ufunguo ndani ya kopo la bati lenye mfuniko ni kinga nzuri. Betri ya ufunguo huo ikiisha, usiite gari la kukokota: aghalabu kuna ubapa wa chuma uliofichwa ndani wa kufungulia mlango, na ukiugusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, chipu isiyohitaji betri huitikia.

Kuongeza ufunguo ilhali mmoja upo ni kazi ya muda mfupi kwa fundi mwenye kifaa cha kuchomeka chini ya usukani. Funguo zote zikipotea, mara nyingi itabidi kumbukumbu ya imobilaiza isomwe au ifutwe, na gharama hupanda mara kadhaa. Kwa dereva anayeendesha gari la mtu mwingine, pigo hilo linaweza kumlia mapato ya siku nyingi. Rimoti kuukuu pia si nafuu ya hakika, maana chipu nyingi hujifunga kwa gari la kwanza zilikosajiliwa.

Gari lako likiwa na ufunguo mmoja tu, tengeneza wa pili wiki hii. Nenda na logibuku na kitambulisho, na umwamini zaidi fundi anayeviuliza. Kama ufunguo uliibiwa, mwambie aifute chipu yake kwenye kumbukumbu ya gari, kisha ubadilishe na kufuli la mlango, kwa sababu chuma kilichoibiwa bado kinafungua.