Baridi Pekee Haimlishi Trauti

Wengi huamini kwamba trauti hunawiri chini ya bwawa kwa sababu maji ni baridi. Wamepata nusu ya ukweli. Bwawa la Glen Canyon, Marekani, lilipoanza kuzuia mto Colorado mwaka 1963, mto ambao jua la jangwani lilikuwa likiupasha joto kila kiangazi ulipoa, kwani maji yake sasa hutoka kwenye kina cha ziwa Powell, kusikofika jua. Tope lilibaki ziwani, maji yakatakata, na trauti waliopandikizwa Lees Ferry, chini ya bwawa, wakastakimu. Ila baridi humpa samaki makazi tu. Chakula chake kimo mikononi mwa wanaofungua na kufunga maji.

Bwawa huachilia maji kuzalisha umeme, nao huhitajika zaidi mchana kuliko usiku, basi mto huo hujaa na kupwa kila siku mithili ya bahari. Wadudu wengi wa mtoni, ambao ndio chakula cha trauti, hutaga jioni, wakibandika mayai kwenye mawe ya ukingoni. Maji yakishuka usiku, mayai huachwa hewani yakakauka. Ushahidi wake ulikusanywa na wasafiri wa mashua waliokuwa wakiwasha taa wakati wa machweo kando ya chombo chenye spiriti, wadudu wakanaswa humo. Wimbi la bwawa huchukua saa nyingi kuteremka bondeni, kwa hiyo kila sehemu ya mto hupata kujaa na kupwa kwa saa yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa usubi walikuwa wengi pale maji yalipokupwa jioni, na wachache pale yalipojaa saa hiyo hiyo. Kilicholeta tofauti hiyo ni saa ya maji, si baridi.

Wapo wasemao trauti ni mgeni, aachwe ajitafutie. Ni kweli ni mgeni, na samaki wa asili ndio wa kulindwa kwanza. Lakini nao hula wadudu hao hao, sawa na popo na ndege wa bondeni, hivyo njaa ya mto haichagui. Pingamizi zito zaidi ni umeme: nani azime taa za watu kwa ajili ya mayai ya usubi? Hakuna aliyeomba hivyo. Mwaka 2018 wasimamizi walianza jaribio la kuyatuliza maji kwenye kiwango cha chini wikendi za kuanzia Mei hadi Agosti, siku ambazo mahitaji ya umeme hupungua. Mayai yaliyotagwa Jumamosi jioni, hata mto ukirudia kupanda na kushuka Jumatatu, hubaki chini ya maji.