Kutia Mfumo Endeshi Katika Diski Mpya

Asiye na kitabu asogee karibu na mwenziwe.

Tuseme wewe ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Hisa na madeni ya wanachama 30 umeyaandika katika kompyuta mpakato, yaani ile ya kukunja ambayo mtu huweza kuipakata mapajani. Siku moja unaiwasha, haifunguki, na ndani unasikia kitu kikigonga: ko, ko, ko. Fundi anasema, "Diski imechoka. Nunua mpya." Je, madeni ya watu yako wapi?

Diski ni ghala. Mfumo endeshi ni mshika funguo wa ghala hilo. Ndiye ajuaye gunia lipi liko wapi, ndiye apokeaye na kutoa. Diski mpya kutoka dukani ni ghala tupu lisilo na mshika funguo. Ukiiwasha kompyuta, itakuambia tu kwamba haikuona kitu cha kuanzia. Usiogope, haikuharibika.

Kabla ya jambo lo lote, fikiri juu ya nakala. Diski ya zamani ikiwa bado inasomeka, chukua kwanza maandishi yako uyatie mahali pengine. Lakini diski inayogonga usiiwashe-washe, maana kila mara huzidi kujiumiza. Mpe fundi mwaminifu ajaribu kuyatoa. Mfumo hupatikana tena. Daftari la madeni halipatikani.

Sasa tafuta flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, isiyo na kitu unachokipenda, maana itafutwa yote. Kwa kompyuta nyingine, pata mfumo kwa mtengenezaji wake mwenyewe. Wako watu sokoni wanaouza mifumo ya wizi kwa bei ndogo. Mara nyingi huwa na virusi. Tena huna haja nayo. Kompyuta iliyotoka kiwandani na Windows 8 au ya baadaye huwa na namba yake ya kibali ndani ya mashine yenyewe, si katika diski, basi kibali hakiondoki na diski ya zamani. Jueni pia kwamba matengenezo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba, 2025. Mashine kuukuu isiyoweza kuchukua Windows 11 yaweza kutiwa Ubuntu, ambayo ni bure. Kunakili faili la mfumo katika flashi hakutoshi. Iko programu maalum ya kuliandika ili kompyuta iweze kuanzia hapo.

Kufungua mashine ni kazi ya dakika chache. Izime, chomoa waya wa umeme, tenga betri. Hapa kwetu wakati wa kiangazi hewa ni kavu na vumbi ni jingi, na mwili wa mtu huweza kubeba umeme kidogo usiouona. Umeme huo huweza kuua diski. Basi gusa kwanza chuma kitupu, wala usifanyie kazi uani penye upepo. Toa diski ya zamani, ingiza mpya taratibu. Ikikataa, usiilazimishe, igeuze uangalie meno yake.

Rudisha betri, chomeka flashi, uwashe huku ukibonyeza-bonyeza F12. Ndivyo katika Dell na Lenovo nyingi. Katika HP nyingi ni F9. Chagua flashi, kisha lugha.

Halafu utaulizwa: diski ipi? Hapa ndipo wengi walipolia. Kompyuta ikiwa na diski mbili, soma ukubwa kabla ya kubonyeza, maana utakayoichagua yaweza kufutwa. Na ukiona diski uliyouziwa kuwa ya 256 inaandikwa 238, usimgombeze mwenye duka. Kiwanda huhesabu kwa maelfu kamili, bali Windows huhesabu elfu yake kuwa 1,024. Ni diski ile ile.

Baada ya hapo, ngoja. Mashine itajizima na kujiwasha yenyewe. Ikianza tena kukuuliza lugha, imerudi kwenye flashi, ichomoe. Umeme ukikatika, betri itakusaidia, na hata yote yakizimika, utaanza upya tu, maana diski mpya haina cha kupotea.

Sasa rudisha maandishi yako, kisha utoe nakala ya pili ikae nyumba nyingine, kwa katibu au mwenyekiti.

Chukueni daftari. Andikeni: diski, flashi, nakala. Chini yake kila mmoja aandike nyumba ambayo nakala yake ya pili itakaa.