Turbo ya Nairobi Inaposhuka Lodwar

Je, wajua kwamba hewa ya Lodwar saa nane mchana, pamoja na joto lake lote, ni nzito kuliko hewa ya Nairobi? Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Lodwar mita 500 hivi tu. Ukishuka, shinikizo la hewa linapanda kutoka takriban kilopaskali 82 hadi 95. Joto huipanua hewa na kuipunguzia uzito, lakini haliwezi kufuta tofauti yote hiyo. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Nairobi kwenye nyuzi 20 ina gramu kama 980. Ya Lodwar kwenye nyuzi 37 inakaribia gramu 1,070.

Kwa dereva wa Probox isiyo na turbo hizo ni habari njema, maana injini yake inapumua vizuri zaidi. Kwa mwenye Subaru ya turbo aliyefanyiwa rimapu Nairobi, ni jambo la kufikiria akiwa bado Kitale, kabla ya kushuka.

Mapenzi ya Wakenya kwa Subaru yana historia. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari Rally akiendesha Impreza. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda mbio hizo kwa Impreza, na mwaka 2000 akashinda Richard Burns. Vijana waliokuwa wakisimama kando ya barabara wakila vumbi la magari hayo wamekua, na magari yaliyotumika Japani yakawafikia kwa bei wanayoiweza: Impreza WRX, na Legacy B4, saluni ya kistaarabu kwa sura yenye moyo wa mbio. Kwa miaka mingi saluni ya chini kama hiyo haikuwa na shughuli Turkana, kwa jinsi lami ya kutoka Kitale ilivyokuwa imechakaa. Kipande cha kutoka Lokichar kupita Lodwar na Kakuma kilipojengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, safari ikawa nyingine. Kati ya Lodwar na Kakuma kuna kilomita zipatazo 120, nyingi zikiwa tambarare zilizonyooka, na mguu wa kulia unashawishika.

Rimapu yenyewe ni nini? Ndani ya kompyuta ya injini mna majedwali ya namba. Yanaiambia injini kwamba kwa mzunguko huu na mzigo huu, plagi itoe cheche wakati gani, nozeli zinyunyize petroli kiasi gani, turbo isukume hewa kwa shinikizo lipi. Kiwanda hujaza majedwali hayo kwa uangalifu na kuacha akiba, kwa sababu hakijui gari litaishia wapi wala litanyweshwa nini. Fundi wa rimapu huunganisha laptopu, huipunguza akiba hiyo na kuigeuza nguvu. Wanaoisifu hawasemi uongo. Legacy B4 zile zenye turbo mbili zinazopokezana husita kidogo turbo ya pili inapoingia kazini, na rimapu nzuri hulainisha kusita huko mpaka dereva ahisi kama amepewa gari jingine.

Lakini namba hizo zimepimwa mahali fulani, katika hewa fulani. Mshale wa turbo hupima shinikizo lililozidi lile la nje. Ukisoma “moja” Nairobi na “moja” Lodwar, mshale umesimama palepale, ila ndani ya silinda za Lodwar mna hewa nyingi zaidi kwa sababu hewa ya nje nayo ina shinikizo kubwa zaidi. Tena hewa hiyo ni ya moto. Turbo ikikaribia kuzidisha shinikizo mara mbili, hewa iliyoingia na nyuzi 37 hutoka ikiwa imepita nyuzi 120, kwa kuwa kukandamizwa kwenyewe kunaipasha. Kazi ya kuipoza ni ya intakula, na katika Impreza na Legacy hizi intakula imelala juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Gari likikimbia, upepo unaipoza. Likisimama kwenye kizuizi cha polisi au kungoja mbuzi wavuke, joto la injini linapanda na kuioka. Dereva akiachiliwa na kukanyaga mafuta hapohapo, amechagua dakika mbaya kuliko zote.

Kinachofuata ni kugonga. Katika hali njema, cheche huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli, na moto husambaa kwa mpangilio. Joto na shinikizo vikizidi, sehemu ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe, na pistoni hupigwa kama kwa nyundo. Kompyuta ina sensa inayosikiliza kishindo hicho, nayo huchelewesha cheche ili kuiokoa injini. Mwenye gari huhisi nguvu alizozilipia zimepungua. Pale akiba ilipokatwa kupita kiasi, sensa huchelewa kusaidia, na kuta nyembamba zilizo kati ya mifereji ya ringi za pistoni huvunjika. Moshi ukianza kutoka na oili kupungua, hilo si suala la kompyuta tena: injini inafunguliwa.

Petroli nayo ina usemi. Japani, petroli ya daraja la juu haitakiwi kushuka chini ya oktani 96, na nyingi hufika karibu 100. Super ya kawaida tunayouziwa huku iko chini, na oktani ikipungua, kugonga huja mapema. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni hatari zaidi. Uchakachuaji huo ulikithiri hadi mwaka 2018 serikali ikatoza ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Inaniuma kidogo kwamba Lokichar, ambako mafuta ghafi yaligunduliwa mwaka 2012, iko kando ya barabara hiihii ambayo malori huteremshia petroli kutoka nyanda za juu.

Tazama basi magari ambayo mashirika ya misaada yanayatumia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992. Land Cruiser nyingi za huko zina injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, bila turbo. Waliozichagua walitaka gari la kufika.

Simshauri mwenye Subaru aiache nyumbani. Namshauri asiweke chujio la hewa la wazi lenye umbo la pia, maana huvuta joto la chini ya boneti na vumbi laini la Turkana kwa pamoja; boksi la kiwandani lenye chujio safi linafaa zaidi. Tena amwombe fundi ramani ya pili, yenye shinikizo dogo na cheche iliyocheleweshwa kidogo, ya kuwekwa kabla ya mteremko wa Marich wa kushukia Turkana. Kisha siku ya kwanza ya joto kali, kati ya Lodwar na Kakuma, laptopu irekodi joto la hewa inayoingia na kiasi ambacho kompyuta inarudisha cheche nyuma. Rekodi hiyo arudishiwe fundi Nairobi, namba zirekebishwe kwa hewa ya Turkana.